Pipa Lililojaa Chumvi: Mhadhara kwa Wenye Mtambo Mpya wa Kulainisha Maji, Kigoma

Ndugu zangu mliofika, nimeombwa niwaeleze mlionunua mtambo wa kulainisha maji kwa mara ya kwanza namna ya kuutunza, nami nitaanzia kwenye pipa la chumvi, kwa sababu hapo ndipo mtambo wangu uliponiumbua. Kwa miezi miwili, kila nilipofunua pipa niliona chumvi imefika karibu na ukingo, nikalifunika na kuondoka nikijisifu kwamba mtambo wangu hauli chumvi nyingi. Kumbe birika jikoni lilikwisha kurudisha ukoko wake mweupe, na mke wangu alikuwa akilalamika kwamba sabuni imegoma kutoa povu. Siku nilipochukua mpini wa ufagio na kuigonga ile chumvi, mpini ulizama ghafla. Juu palikuwa na ganda gumu, chini yake uwazi mtupu, na maji yametulia sakafuni mwa pipa bila kuigusa chumvi.

Ganda lile lilikuwa limezima kazi yote, na sababu yake ni hii. Ndani ya mtungi mrefu wa mtambo mna chembechembe za rezini, yaani aina ya plastiki, ndogo kuliko punje za ulezi, zilizobeba sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, na madini hayo mawili ndiyo yanayoyafanya maji kuwa magumu. Maji yanapopita, rezini hunasa madini na kuachia sodiamu, mpaka nafasi zake zinapokwisha. Hapo mtambo huvuta maji ya chumvi kutoka pipani, ukaiosha rezini, ukairudishia sodiamu na kuyamwaga madini nje. Chumvi, basi, ni ya kuoshea rezini, wala haitiwi katika maji ya nyumbani, ingawa muuzaji mmoja aliwahi kunieleza kwa kujiamini kabisa kwamba hutiwa.

Tuchukue mfano wa mtambo mdogo wenye lita 10 za rezini. Ukioshwa kwa kilo moja hivi ya chumvi, na ugumu wa maji ukiwa miligramu 200 kwa lita, utalainisha takriban lita 2,000. Familia inayotumia lita 300 kwa siku itahitaji kuosha kila baada ya siku sita. Kwa hesabu hiyo mnajua pipa linapaswa kupungua kiasi gani kwa mwezi, na pipa lisilopungua ni la kutiliwa shaka.

Kuhusu chumvi yenyewe, sisi tuna bahati ya kuwa karibu na Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi yoyote safi inafaa, ila ile laini ya mezani hushikamana upesi na kufanya ganda au tope, kwa hiyo chagueni ya mawe, na mkikosa, tieni kidogo kidogo badala ya kujaza pipa. Mara moja kwa mwezi pitisheni mpini hadi chini, polepole, msije mkalipasua pipa. Mara moja kwa mwaka liacheni liishe, mkaoshe matope ya chini, kwa kuwa ndiyo yanayoziba tundu jembamba ambalo valvu hutumia kuvuta maji ya chumvi.

Umeme nao una lake. Mtambo wenye saa isiyo na betri husimama umeme unapokatika, na kuosha kulikopangwa saa nane usiku kukaangukia asubuhi mnapooga. Baada ya kila katiko, rekebisheni saa. Msimu wa mvua, maji yanapokuja na tope, kagueni kichujio kilichotangulia mtambo kila wiki.

Maji yaliyolainishwa kutoka ugumu wa 200 huongezewa takriban miligramu 92 za sodiamu kwa lita. Mwenye shinikizo la damu aliyeambiwa apunguze chumvi, na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, wapewe maji ya koki isiyopitia mtambo. Bustani ya mchicha nayo isimwagiliwe maji hayo, sembuse yale yanayotoka wakati wa kuosha.

Kupima kama maji yamelainika hakuhitaji maabara. Jazeni maji hayo nusu chupa, kwangueni sabuni ya mawese kidogo, mtikise. Msitumie sabuni ya unga, kwani hiyo hutoa povu hata katika maji magumu. Pimeni siku ya mwisho kabla ya kuosha, si siku ya kwanza baada yake. Mkiona utando mweupe badala ya povu, gongeni chumvi kwanza; na ikiwa haina ganda, punguzeni siku moja katika zamu ya kuosha kabla hamjamwita fundi.