Jua la Februari na Mtufaha Wako

Mama zangu, wazee wetu, ndugu zangu, habari za mchana. Ahsanteni kwa chai, na ahsante zaidi kwa aliyeleta mandazi. Yamebaki matatu, nimeyahesabu.

Nimeombwa niongelee kupanda na kupogoa miti ya matunda huku Minnesota, Marekani. Walionisikia mwaka jana na mwaka juzi wanajua kitakachotokea: nitaanza na jua, nitang'ang'ania jua, na kupogoa kutabakiziwa dakika tano. Mtanisamehe. Kila mwaka ikiingia Mei simu zinaanza. "Mzee, mtufaha wangu umekufa na baridi." Nauliza, gome la upande wa magharibi likoje? Kimya. "Ngoja nikaangalie." Anarudi anahema: "Limepasuka, linabanduka." Na upande wa mashariki? "Huku zima kabisa."

Sasa niambieni, ni baridi gani hiyo inayoua mti ubavu mmoja? Januari 30, 2019, Minneapolis ilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri. Wengine mlikuwepo, mnakumbuka magari yalivyogoma. Baridi ile iliuzunguka mti mzima, haikuchagua ubavu. Mti wako, ndugu yangu, umeuliwa na jua.

Msicheke. Na mimi nilikuwa mbishi. Nilikuwa na mti wa Honeycrisp, aina ya tufaha la huku, shina unene wa mpini wa jembe, naupenda kuliko gari. Siku moja ya Februari, saa tisa alasiri, nimetoka kutupa taka. Anga haina wingu hata la kusingizia, theluji inang'aa mpaka macho yanauma. Kipimajoto cha dirishani kinasema nyuzi 14 chini ya sifuri. Nikapita pale kwenye mti, nikavua glavu, nikalishika shina. Upande wa kaskazini, kama nimeshika bomba la chuma. Nikauzungusha mkono taratibu kuelekea kusini-magharibi, nikakuta gome vuguvugu. Vuguvugu kweli, kama ukuta wa jiko ambalo moto wake umezimwa punde. Nikadhani vidole vimekufa ganzi, nikashika tena. Na chini kidogo ya kiganja changu kulikuwa na tone la maji linateremka. Maji! Kwenye nyuzi 14 chini ya sifuri!

Jua la majira yale limeinama, halipigi utosini kama la kwetu, linapiga shina ubavuni. Theluji nayo inalirudishia mwanga kutoka chini. Gome linadanganyika, linadhani kumekucha. Saa kumi na moja na nusu jua likazama nyuma ya gereji ya jirani, na ndani ya dakika chache lile gome likatupwa tena kwenye baridi ileile. Mimi nikaingia ndani kunywa chai, sikujua nimeshuhudia mauaji. Aprili ubavu uleule ukageuka rangi ya majani ya chai yaliyochujwa. Nikaingiza ukucha, gome likatoka kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake kukavu.

Elewa kwanza mti unavyojikinga, mengine yote yanatokana na hapo. Siku zinapoanza kufupika, mti unaacha kurefuka. Unaongeza sukari ndani ya seli zake, na maji unayasukuma nje, kwenye nafasi zilizo kati ya seli, ili yakiganda yagandie huko yasipasue kitu. Kazi hiyo inachukua wiki nyingi. Mti uliomaliza kazi hiyo, na ukawa wa aina ya huku, unalala nje na baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri haiufanyi kitu. Shida ni kwamba mtufaha unahitaji saa nyingi za ubaridi, kwa aina nyingi 800 mpaka 1,000, na ukishazipata umeshashiba usingizi. Inapofika Februari, kinachoushikilia kitandani ni baridi tu. Ni kama mtu aliyelala masaa kumi: ukifungua mlango tu, keshaamka. Ukimwamsha, ameshavua blanketi. Na blanketi lile, yaani ile kinga ya baridi, haliji haraka.

Naona mkono pale nyuma, na swali nalijua: "Mbona shemeji yangu Lushoto ana mitufaha na inazaa?" Inazaa, ndiyo. Lakini kwenye milima ya kwetu watu hupanda aina kama Anna, isiyodai baridi nyingi, saa 200 au 300 inaridhika, na wengine huipukutisha majani kwa mkono ili idhani imelala. Kule kazi ni kuubembeleza mti ulale. Huku kazi ni kuuzuia usiamke. Ukileta Anna huku, siku mbili za joto la Januari zitaumaliza.

Na msininunulie mti kwa sababu picha yake ni nzuri. Duka moja kubwa, jina nalihifadhi, liliniuzia mpichi na karatasi inayosema unavumilia baridi. Baridi ya wapi, haikusema.

Kuna mtu mmoja lazima nimtaje, hata kama mwenyekiti ananionyesha saa. Peter Gideon. Alifika kando ya ziwa Minnetonka mwaka 1853, akapanda matufaha. Baridi ikaua. Akapanda tena, ikaua. Karibu miaka kumi ya namna hiyo, akabakiwa na dola nane mfukoni, majira ya baridi yanakuja na koti hana. Ninyi mngefanya nini? Mke wangu nilimuuliza, akasema angenunua koti na angenificha mimi pochi. Gideon akatuma zile dola Bangor, jimbo la Maine, aletewe mbegu na vikonyo vya matufaha. Koti akajishonea mwenyewe: akachukua vizibao vikuukuu, akaviungia miguu ya suruali iliyochakaa ikawa mikono. Kwenye mbegu zile ukatoka mti mmoja uliostahimili, akautangaza mwaka 1868, akauita Wealthy, neno la Kiingereza lenye maana ya tajiri. Wengine husema ni kwa sababu ya utajiri. Hapana, ni jina la mkewe. Sijui mama yule alilionaje lile koti, lakini jina alipewa.

Basi, mtu asinyanyuke akasema: "Gideon alipanda mbegu, na mimi nitapanda mbegu za tufaha la dukani." Mbegu haizai mama yake. Mtoto wa Honeycrisp si Honeycrisp, ni bahati nasibu, na Gideon alilipia tiketi kwa miaka kumi. Hata Honeycrisp yenyewe, ambayo Chuo Kikuu cha Minnesota kiliitoa mwaka 1991, mti wake wa mwanzo ulikuwa umeshaandikiwa kutupwa, mpaka mtafiti mmoja akaona aupe nafasi. Nunua mche uliobebeshwa, yaani kikonyo cha aina unayoitaka kilichounganishwa kwenye shina la mti mwingine. Aina ya Haralson ya mwaka 1922 bado ni mti wa kuaminika, ila uwe na meno.

Dawa ya jua sasa. Mnakumbuka miti ya shuleni na kambini, ilivyopakwa chokaa mpaka kiunoni tukidhani ni urembo wa kumngojea mgeni rasmi? Hiyo ndiyo dawa. Weupe unalirudisha jua. Huku wanauza kinga nyeupe ya plastiki inayozungushwa kwenye shina, dola chache tu. Vika Novemba, vua Aprili. Ukisahau kuvua, wadudu watakushukuru. Unaweza pia kupaka rangi nyeupe ya ukutani, ile ya maji, iliyozimuliwa nusu kwa nusu. Kisha zungushia wavu wa waya mpaka juu ya kimo cha theluji, maana sungura akisimama juu ya theluji anafika mahali ambapo hukumtegemea, na panya wa shambani anapita chini yake. Wakitafuna gome duara zima, mti umekwisha, usinipigie.

Mbolea: ikipita Juni, acha. Ukimpa mtu chakula saa ya kulala hatalala. Matawi yatachipua Agosti, laini kama mchicha, na baridi itayakuta hayajajiandaa.

Mahali pa kupanda: kila mtu anakimbilia ukuta wa kusini, eti kuna joto. Ndiyo hilohilo joto! Litautoa maua mapema. Machi 2012 kule Michigan kulikuwa na joto la ajabu, matufaha yakaamka, Aprili sakitu ikarudi, jimbo likapoteza karibu asilimia 90 ya mavuno. Ua lililofunguka halihitaji baridi kubwa: nyuzi 2 chini ya sifuri linaanza kufa, nyuzi 4 karibu yote yamekwenda. Panda kwenye mteremko, usipande bondeni, hewa baridi inatiririka kama maji na kutuama huko.

Kupanda kwenyewe: majira ya kuchipua. Shimo pana, lisiwe refu kwenda chini. Lile fundo la kubebeshea libaki juu ya udongo, upana wa vidole vinne. Samadi isiingie shimoni. Matandazo yasiguse shina. Panda aina mbili zinazochanua pamoja, mtufaha hauchavushwi na aina yake mwenyewe. Jirani akiwa nao, umeokoa hela.

Naambiwa dakika nne. Kupogoa. Mwisho wa Februari na Machi, kabla macho ya matawi hayajavimba. Vuli usiguse, kidonda kipya kinaingia baridini bila kufunga. Anza na kilichokufa, kilichougua, kinachosuguana na mwenzake. Halafu machipukizi yanayosimama wima kama askari, hayo hayazai. Usitoe zaidi ya robo ya mti kwa mwaka. Usikate kwa kuchimba ndani ya shina, acha ile kola iliyovimba kwenye shingo ya tawi, ndiyo inayofunga kidonda. Na kidonda usikipake kitu. Peasi na plamu nilitaka kuzisema, hazisemeki leo.

Maswali tutaulizana nje, kabla jua halijashuka. Mwenyeji wetu ameniruhusu niuguse mti wake ulio nyuma ya nyumba, ingawa naona amesimama mlangoni kama anajuta. Msumeno uko kwenye begi la bluu. Vaeni makoti. Ule mti una ubavu mmoja ambao nimeuona kupitia dirishani tangu nilipoanza kusema, na sijaupenda.