Pikipiki Yako Inazeeka Hata Ikiwa Imepaki

Haya kaeni basi, na wale wa huko nyuma zimeni injini jamani, tumeshasikia zina mlio mzuri.

Leo nimefika saa nzima kabla yenu. Sio kwamba nina adabu sana, nilitaka kupita parking na tochi ya simu. Nimekagua mashine kumi na moja na kwenye kila moja nimeangalia kitu kimoja tu, kile kikopo cha plastiki kilichokaa kwenye usukani upande wa kulia, cha mafuta ya breki ya mbele. Nne ziko safi, rangi ya asali nyepesi. Saba ni chai ya rangi. Na katika hizo saba kuna moja sio chai tena, ni kahawa ile ya kwenye birika inayouzwa na kashata. Mwenyewe simtaji. Kwa sasa.

Najua mtakachosema maana nakisikia kila siku gereji. "Mkuu, yangu ina kilomita elfu tisa tu." Sawa, ya mwaka gani? "2012." Na mafuta ya breki ulibadilisha lini? Hapo mtu anaanza kuangalia pembeni. Kitabu cha pikipiki kimeandika kilomita kadhaa AU miezi kadhaa, kinachotangulia ndo hicho hicho. Hiyo "au" nyie mnaikwepa kama shimo la barabarani. Hizi mashine zenu zinatoka Jumapili, mnaenda Bagamoyo kula samaki, mnapiga picha, mnarudi, Jumatatu mpaka Jumamosi ziko chini ya turubai. Kilomita hazifiki hata siku moja, ila kalenda haikai foleni.

Ngoja niwape ya Kitonga. Wapo walioisikia, wavumilie, nitaisema mpaka niache kukuta chai kwenye vikopo.

Nilikuwa na CBR600RR, Honda ile ya mbio, mtumba lakini safi, kilomita elfu kumi na moja, naitunza kama yai. Kabla ya safari ya Iringa nikaipeleka kwa fundi mmoja, nikamwambia kagua breki. Akainama, akaangalia, akasema "breki iko poa, mafuta yamejaa." Yamejaa! Mi nami nikaridhika, maana hata mimi nilikuwa naangalia kujaa. Kwenda hakuna shida, mlima unaupanda. Kurudi sasa, umeshapita Ilula, unaanza kuteremka Kitonga, unajua palivyo, kona juu ya kona, malori mbele yako yanashuka kwa gia ndogo yananuka breki, na wewe upo nyuma yao unaminya unaachia, unaminya unaachia, jua la saa nane. Kona ya nne au ya tano hivi nikaminya, leva ikaja laini. Ya mbele yake nikaminya, leva ikaja mpaka ikagusa mkono wa usukani. Yaani ukiminya unasikia kama unaminya sponji. Mbele yangu kuna tela la lori, nyuma yangu kuna basi, na mabasi yetu mnayajua.

Nikateremsha gia mbili kwa pamoja, injini ikapiga kelele, nikakanyaga breki ya nyuma, huku napampu ile ya mbele kama mtu anayejaza upepo baiskeli, nikaingia pembeni kwenye kokoto. Nikasimama. Miguu inatetemeka. Lori lingine lilikuwa limepaki hapo linapoza breki, utingo wake akaja anakimbia na dumu la maji anataka kumwagia diski! Nikamzuia, mdogo wangu acha, diski ya moto ukiimwagia maji inaweza kupinda. Akaniangalia vile wanavyoangaliwa watu wabishi, akasema "kaka, si ndo hizi zinazokimbia sana? Sasa mbona hazisimami?" Sikuwa na jibu.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoitaka. Nimekaa pale kama nusu saa. Nikarudi kuminya leva. Ngumu! Safi kabisa, kama hakuna kilichotokea. Ningeishusha vile vile mpaka Dar nikampelekea fundi, angeminya, angeniambia breki iko poa, na asingekuwa anadanganya.

Kwa sababu haya mafuta yana kiu. Yananyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, kupitia mipira ya breki, kupitia mfuniko, hata kama hujafungua kitu. Na sisi tunaishi wapi? Dar, mji ambao chumvi inaloa ndani ya kikopo chake. DOT 4, ndo daraja la mafuta ya breki lililoandikwa kwenye chupa, ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 za sentigredi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji asilimia 3.7 kiwango kinashuka mpaka 155. Kitonga pedi zinapita hapo kirahisi na joto linaingia kwenye kalipa, kile chuma chenye pistoni za kusukuma pedi. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mafuta hayabonyezeki ila mvuke unabonyezeka, kwa hiyo unaminya mvuke, pistoni haziendi popote. Yakipoa mvuke unarudi kuwa maji, leva inakuwa ngumu, ushahidi umepotea.

Kuna mtu atasema mbona bodaboda hawabadilishi. Boda nyingi breki zake ni za dramu, zinavutwa na waya na fito, hayo mafuta yako wapi? Tena boda usimguse, yule oili ya injini anabadilisha mara nyingi kuliko nyie wote humu ndani. Mwingine atasema mi naongezeaga. Kuongezea mapya juu ya mabovu ni kumimina maziwa fresh kwenye yaliyochacha, na kwanza yakipungua mara nyingi ni pedi zimeisha, kaangalie pedi. Na wewe unayetaka kununua DOT 5 kwa sababu tano ni kubwa kuliko nne, acha, ile ni silikoni, haichanganyiki na hii. 5.1 sawa.

Honda na Yamaha wanasema miaka miwili. Mi kwa huku pwani nasema kila mwaka, kabla ya masika, unatoa yote ya zamani, unatoa upepo, na usidondoshee kwenye tanki maana inakula rangi. Chupa yake haifikii bei ya full tank.

Muda? Dakika tano?! Haya, haraka haraka. Oili ya injini iwe na alama ya JASO MA au MA2, ndo alama ya oili ya pikipiki, ukiweka oili ya gari ile ya kupunguza ulaji wa petroli klachi inaweza kuteleza, na hata hujatembea badilisha mara moja kwa mwaka. Cheni kila kilomita elfu moja hivi, osha kwa mafuta ya taa, SIO petroli, petroli inaua vile viraba vya ndani. Tairi lina namba nne ubavuni, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016, kashata za tairi zote zipo lakini kwa umri raba imekuwa gome la mti. Tapeti, yaani kupima nafasi ya valvu za injini, hapa kweli kilomita zinahusika, CBR600 karibu elfu 24, R6 ya Yamaha karibu elfu 40, na msisubiri kelele, valvu iliyokaza haigongi, inakaa kimya mpaka inaungua. Hiyo ningeweza kuongea saa nzima, basi. Kulanti na mafuta ya shoki za mbele siku nyingine.

Maswali tutaulizana nje, nimekuja na DOT 4 chupa sita na mpira wa kutolea upepo. Tunaanza na ile ya bluu pale chini ya mwembe. Ndiyo, wewe, usiangalie nyuma. Funguo niachie mimi, nyumbani utaenda na bajaji.