Osha pua kwa maji ya chumvi baada ya kazi ya vumbi

Habari zenu, mafundi wenzangu na ndugu zangu wote mnaotazama. Hapa ni karakana, Keko, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, na mashine ya randa tumeizima sasa hivi. Kijana wangu, sogeza kamera hapa kwenye kitambaa. Hiki nimetoka kupengea kamasi. Mnaiona hii rangi ya kahawia? Ni mninga. Leo tumeranda mbao za vitanda viwili, na barakoa nilikuwa nayo usoni tangu asubuhi. Anayefanya kazi hii bila barakoa anabeba vumbi jingi kuliko hili.

Miaka mingi nililala pua imeziba, mdomo wazi, na kila jioni kipandauso. Nilidhani ni uchovu. Nikanywa panadol, kikapoa, kesho yake kikarudi. Muuguzi mmoja wa kliniki ya masikio, pua na koo ndiye aliyenikalisha akanifundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi, na leo nataka nikuoneshe kama nilivyooneshwa mimi, bila haraka, kwa sababu kuna mahali pamoja ukikosea unaweza kujiua. Nitakuambia ni wapi.

Kwanza elewa tunaosha nini. Ndani ya mianzi ya pua kuna ute unaonasa vumbi. Chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinausukuma kidogo kidogo kuelekea kooni, nasi tunaumeza bila kujua. Halafu ndani ya mifupa ya uso kuna mashimo yenye hewa: shika mashavu yako, yako hapo, shika juu ya nyusi, yako hapo, yapo katikati ya macho na mengine nyuma zaidi. Hayo ndiyo watu wanaita sainasi. Kila shimo lina kitundu chembamba cha kumwagia ute wake puani. Vumbi likizidi, au ukipata mafua, au una aleji, ngozi ya ndani inavimba, vitundu vinaziba, ute unatuama, na hapo kichwa kinaanza kugonga. Maji tutakayopitisha leo hayaingii sana kwenye mashimo yenyewe. Yanaosha njia, yanalainisha ute uliokauka, yanaondoa vumbi, na milango ikiwa safi mashimo yanajimwaga yenyewe.

Sasa maji. Hapa nitakaa sana, nivumilie.

Usichukue maji ya bomba hivihivi bila kuyachemsha. Usichukue ya kisima, wala ya tanki, hata kama mtaa mzima wanayanywa. Maji ya chupa ya dukani nayo hapana, mpaka uyachemshe, ni ya kunywa yale, hayakutengenezwa kwa ajili ya pua. Tumbo lina asidi, linaua wadudu wengi. Pua haina ulinzi huo. Kuna mdudu mmoja, amiba anayeitwa Naegleria fowleri, anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi, hasa yakipata joto: mabwawa, mito, chemchemi za moto, na hata mabomba ya maji. Ukimnywa hakufanyi kitu. Akipandishwa puani na maji, anafuata mshipa wa fahamu wa kunusia mpaka kwenye ubongo. Ugonjwa wake ni nadra sana, ila anayeupata karibu kila mara anafariki. Mwaka 2011 kule Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba la nyumbani. Sikutishi uache. Nakuambia uchemshe.

Tazama ninavyofanya. Hizi ni chupa mbili za maji ya kunywa za nusu lita, nazimimina zote kwenye sufuria, nimepata lita moja bila kubahatisha. Sufuria imeoshwa kwa sabuni, haina harufu ya mafuta. Chumvi naiweka humohumo kabla ya kuchemsha, ili kila kitu kichemke pamoja na nisiingize tena kijiko kwenye maji yaliyokwisha kuwa salama.

Kiasi cha chumvi: chukua kile kijiko cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya mtoto. Upande mmoja ni mililita 5, upande wa pili 2.5. Chumvi laini, upande mkubwa mara moja, upande mdogo mara moja. Usijaze kichuguu, futa juu kwa kisu iwe sawasawa na ukingo, hivi. Hapo una gramu kama 9 kwa lita, yaani asilimia 0.9, karibu sawa na chumvi iliyomo kwenye damu yako, ndiyo maana haiumi. Maji matupu yasiyo na chumvi yanachoma pua kama ulivyowahi kupaliwa ukiogelea mtoni. Chumvi ikizidi sana nayo inawasha. Mara ya kwanza nilipima kwa kiganja, macho yakanitoka machozi nusu saa. Pima.

Chumvi ya dukani kwetu imeongezwa madini joto. Wengi haiwasumbui, wengine inawawasha. Ukiona inakuwasha, tafuta isiyo na madini joto, au zile paketi ndogo zilizopimwa tayari zinazouzwa kwenye maduka makubwa ya dawa. Chumvi ya mawe usitumie, ina mchanga, na vipande vikubwa havipimiki kwa kijiko. Magadi pia hapana. Kuna mtu aliniuliza.

Washa jiko, funika. Subiri yatokote kwelikweli, mapovu makubwa yanapanda kutoka chini, ndipo uanze kuhesabu dakika moja kamili. Kama unaishi nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000, mfano Eldoret au Nyahururu, hesabu dakika tatu, kwa sababu huko maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Zima, acha yapoe hukohuko ndani, mfuniko juu. Haya nilichemsha mchana. Dondoshea kwenye kifundo cha mkono kama unavyopima maziwa ya mtoto: usisikie moto, usisikie baridi. Vuguvugu.

Njia fupi ipo. Nenda duka la dawa, nunua dripu ya nusu lita ya maji ya chumvi, asilimia 0.9. Mwambie mfamasia vizuri, ya chumvi, siyo ya sukari. Hayo yametakaswa kiwandani, huchemshi wala hupimi.

Chombo. Kuna chupa maalumu za kubinya, kuna na vibirika vyenye mdomo mrefu vilivyotoka India kwa watu wa yoga. Mimi natumia hili, bomba la sindano la mililita 20, bila sindano. Lipya, langu peke yangu. Hata mke wangu ana lake.

Nawa mikono kwa sabuni. Penga kamasi kwanza. Sasa njoo kwenye beseni.

Inama kutoka kiunoni, uso juu ya beseni. Geuza kichwa upande, sikio la kulia litazame chini, la kushoto litazame juu. Kijana, njoo upande huu waone. Paji la uso na kidevu viwe usawa mmoja. Kidevu kikiwa chini kuliko paji la uso, maji yanakuingia kooni. Kikiwa juu kuliko paji, yanakwenda kwenye paji la uso. Fungua mdomo, pumua kwa mdomo tu. Sema "kaaa", taratibu, kama unapasha koo moto. Sauti hiyo inafunga mlango wa nyuma kati ya pua na koo.

Ncha ya bomba inaingia kwenye tundu la juu, hili la kushoto, mlangoni tu. Ielekeze kisogoni. Usiielekeze juu kwenye jicho, wala kwenye ukuta wa katikati ya pua, pana mishipa midogo ya damu pale. Sasa sukuma polepole. Kaaa... Tazameni tundu la chini. Hayo, yanatoka. Mnaona? Yanaingia kushoto yanatokea kulia, na yale ya kwanza yana rangi ya chai. Ndiyo mninga huo.

Jaza tena. Mabomba matano au sita upande huu, mpaka yatoke meupe. Yakishuka kooni usishtuke wala usimeze, teme. Ukisikia masikio yanajaa, umesukuma kwa nguvu, au umemeza mate katikati ya kazi. Simama, pumzika, anza tena kwa upole. Kisha geuza kichwa, fanya upande wa pili.

Baada ya hapo watu wengi wanaharibu. Wanabana tundu moja na kupenga kwa nguvu zote, maji yanasukumwa masikioni. Usibane. Acha matundu yote mawili wazi, puliza kwa upole juu ya beseni. Halafu inama kama unafunga kamba za viatu, geuza kichwa kulia, geuza kushoto, hesabu mpaka kumi. Ona, mengine haya yametoka. Usiporuhusu yamalizike, yatakuchuruzika ukiwa umekaa na wageni, kwa hiyo usioshe dakika ile unayokwenda kulala.

Kama una dawa ya kupuliza puani uliyopewa na daktari, osha kwanza, subiri dakika kumi au kumi na tano, ndipo upulize. Ukianza na dawa unaiosha yote.

Mara ngapi? Siku za kazi ya vumbi mimi mara moja jioni. Nikiwa na mafua, asubuhi na jioni. Nikifanya mvule lazima nioshe siku hiyo hiyo, vumbi lake linawasha kuliko mbao zote ninazozijua. Siku za mapumziko siguswi na bomba.

Usioshe kama pua imeziba kabisa pande zote mbili hata hewa haipiti, kama sikio linauma, au kama pua inatoka damu mara kwa mara. Ukiwa umefanyiwa upasuaji wa pua karibuni, au kinga ya mwili iko chini, muulize daktari kwanza. Mtoto mdogo asiyeweza kufuata maelekezo usimminyie bomba. Wao wana matone yao ya maji ya chumvi.

Na hili nawaambia mafundi kwa moyo wote. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta saratani kwa binadamu, na inayotajwa ni ya pua na sainasi. Kuosha pua hakuchukui nafasi ya barakoa. Hakuchukui nafasi ya kufungua madirisha wala kumwagia maji sakafu kabla ya kufagia. Na ukiona upande mmoja tu umeziba wiki baada ya wiki, au upande mmoja tu unatoa damu au uchafu wenye harufu, usiendelee kuosha nyumbani ukingoje upone. Nenda wakakuangalie ndani kwa taa. Homa kali, jicho kuvimba, kuona vitu viwiliviwili, shingo kukakamaa: hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Tumalizie usafi. Bomba nalichomoa vipande viwili, naosha kwa sabuni, nasuuza kwa maji haya haya yaliyochemshwa, nakung'uta, naweka kwenye kitambaa safi likauke wazi. Usilifungie likiwa na unyevu. Mpira wake ukianza kukwama, tupa, nunua lingine. Maji yaliyobaki yanakaa kwenye chombo safi chenye mfuniko, na hiki kipande cha plasta nimeandika saa niliyochemsha: saa saba mchana. Kesho saa saba yaliyobaki namwaga, hata yakionekana masafi. Dripu nayo ukishaifungua ni hivyo hivyo.

Kijana, leta kamera nishike mimi. Chukua bomba lako, inama. Kidevu juu kidogo. Hapo hapo. Sema kaaa.