Kitabu cha Kumi Sikiruki

Ndugu zangu, wanaonijua wanajua nitaishia wapi, basi nianzie huko huko: kitabu cha 10 cha The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za fantasia. Naona mmoja kule nyuma ameshashika kichwa. Vumilia, bwana.

Robert Jordan alianza kutoa mfululizo huu mwaka 1990. Vitabu 14, ukiacha kile cha visa vya awali. Maneno zaidi ya milioni 4. Wala silalamikii unene. Kitabu cha 4 na cha 6 ni matofali, na nilivimaliza nikitamani vingine. Ninacholalamikia ni kusubirishwa.

Hebu tazameni. Mwishoni mwa kitabu cha 9, kilichotoka mwaka 2000, shujaa mkuu Rand na mwenzake Nynaeve wanaisafisha saidin, ile nusu ya kiume ya Nguvu ya uchawi iliyowatia wanaume wazimu kwa zaidi ya miaka 3,000. Dunia nzima ya hadithi imepinduka! Unafunga kitabu huna usingizi. Unangoja miaka miwili na ushei. Januari 2003 kitabu cha 10 kinatoka, unakifungua, na unakuta nini? Kwenye msafara wa Mat, rafiki wa Rand, wenye kipaji cha kutumia Nguvu wanahisi nguvu kubwa inavuma mbali. Wanashangaa. Safari inaendelea. Kambini kwa Perrin, rafiki mwingine, wanahisi. Wanashangaa. Kwa Elayne, wanahisi. Kwa Egwene, nisirudie. Moto uliwaka kitabu kilichopita, sasa tunazungushwa nyumba hadi nyumba kuuliza nani aliuona moshi. Rand mwenyewe tunamchungulia tu.

Mtu ataniambia: si ukiruke, usome muhtasari? Hapana. Nilimshauri rafiki yangu hivyo hivyo, na najuta. Akafika kitabu cha 11, Perrin anapomkomboa mkewe Faile aliyetekwa, akaniambia, "Ah, kumbe kampata." Kampata! Sisi tuliomsaka mwanamke yule tangu kitabu cha 9, tukamchoka Perrin, tukamchoka Faile, tukawachoka hata farasi, tulishusha pumzi kama waliotua mzigo. Yeye hakuwa amebeba kitu, angetua nini?

Lakini msinisingizie kwamba nasema uchovu ni ufundi. Kitabu kile kingekatwa nusu na nisingetoa chozi. Kila nikisema hivi kuna anayenijibu kwamba mhariri alikuwa mke wa mwandishi, Harriet McDougal, alimwonea haya mumewe. Acheni hizo! Ni yeye huyo huyo aliyehariri vya mwanzo, vile mnavyovisifu kutwa.

Nimeombwa nisizungumzie Nynaeve na kuvuta msuko wake. Sizungumzii. Anauvuta mno.

Jordan akafariki 2007. Brandon Sanderson, aliyechaguliwa na Harriet, akafunga kazi kwa vitabu vitatu, cha mwisho Januari 2013. Hapa nilikuwa na kurasa nne: kasi iliyorudi, Mat ambaye ghafla mzaha wake ni wa mtu mwingine, na ile sura moja ya vita inayokaribia kurasa 200, ambayo niliisoma nimesimama. Ila mwenyekiti ananionyesha saa, na kosa ni langu, nimewakalisha kwenye kitabu cha 10.

Nausoma mfululizo huu kwa mara ya nne sasa. Niko cha 8, nimeanza kununa mapema.

Maswali? Wewe uliyeshika kichwa, anza.