Mteja Mnayefurahi Kumpoteza

Ndugu zangu, mlionisikia kabla ya leo mnajua nitaanzia wapi: kwenye nondo za ujenzi. Najua mlitarajia roboti. Roboti watafika, lakini sijaona mfano unaoonyesha wazi kuliko nondo jinsi kampuni yenye akili timamu inavyojimaliza yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, chuma cha Marekani kilikuwa mikononi mwa viwanda vikubwa kama Bethlehem Steel, vilivyoyeyusha mawe yenye madini hadi kutoa mihimili ya madaraja. Mwaka 1969 kampuni ya Nucor ikawasha kiwanda kidogo huko Darlington, South Carolina. Tanuru lake lilikuwa la umeme, na malighafi yake vyuma chakavu. Chuma cha viwanda vya namna hiyo hakikuwa safi sana, kwa hiyo vikashika soko la nondo. Nondo hufukiwa ndani ya zege, nani ataikagua sura? Faida yake nayo ilikuwa ndogo kuliko bidhaa zote.

Wakubwa wakaiachia. Sikilizeni vizuri hapa: waliiachia kwa furaha, na mahesabu yakawaunga mkono, maana ukiondoa bidhaa yenye faida ndogo, wastani wa faida unapanda. Wadogo walipobaki peke yao wakashindana wenyewe kwa wenyewe, bei ya nondo ikaporomoka, wakalazimika kupanda ngazi. Wakaboresha chuma, wakaingia kwenye vyuma vya pembe, kisha mihimili. Kila walipopanda, wakubwa walirudi nyuma, na kila waliporudi nyuma vitabu vyao vilipendeza. Mwaka 1989 Nucor ikaanza kutoa mabamba huko Crawfordsville, Indiana, na mabamba ndiyo yaliyokuwa kimbilio la wakubwa. Mwaka 2001 Bethlehem, iliyotoa chuma cha daraja la Golden Gate, iliomba kinga ya kufilisika. Leo takribani asilimia 70 ya chuma cha Marekani hutoka kwenye matanuru ya umeme.

Mtaniambia chuma cha kutoka nje na mzigo wa pensheni vilichangia. Ni kweli, vilichangia sana. Lakini msiniambie kwamba wakurugenzi walilala! Jibu hilo nimelisikia mno na linanichosha, kwa sababu linatuliza kila mkurugenzi aliye macho. Wale walikuwa macho. Walisikiliza wateja wao bora na kupeleka mtaji penye faida. Clayton Christensen, profesa wa biashara wa Harvard, alilieleza hilo mwaka 1997 kwa nadharia ya ubunifu wa kimapinduzi (disruptive innovation), na hadi leo watu wanalibeba jina la nadharia yake wakiiacha hoja. Kila programu mpya ya simu sasa inaitwa mapinduzi. Christensen mwenyewe aliandika mwaka 2015, pamoja na wenzake, kwamba Uber haiingii kwenye nadharia hiyo, kwa kuwa haikuanzia kwa wateja waliodharauliwa wala kwa wale wasiokuwa na huduma. Naye hakuwa nabii: mwaka 2007 alidhani iPhone haitafua dafu.

Basi, roboti niliowaahidi: akili mnemba. Mnaniuliza kama itamshinda wakili bingwa mahakamani. Swali hilo linatazama juu, na hatari inatokea chini. Mtazameni mtu ambaye hajawahi kumudu wakili hata wa kumsomea mkataba wa pango. Kwake jibu lenye kasoro linashindana na kutokuwa na jibu kabisa. Ofisi kubwa za sheria zinasema huyo si mteja wetu. Hivyo hivyo ndivyo ilivyosemwa kuhusu nondo. Wahasibu, wafasiri, walimu wa masomo ya ziada, nanyi mjitazame hapo.

Muda unanibana. Mfano mmoja tu zaidi wa kupanda kutoka chini: betri za lithiamu za chuma na fosfati zilidharauliwa kwa kubeba nishati kidogo, sasa zinaendesha sehemu kubwa ya magari ya umeme ya China. Benki na hospitali nitaziacha.

Siondoki hapa kabla ya kuwataja wafanyakazi. Bethlehem ilipoanguka, mfuko wa serikali wa bima ya pensheni ulibeba mafao ya watu takribani 95,000, na mwaka 2003 wastaafu wakapoteza bima yao ya afya. Hawakuwemo kwenye vikao vilivyoamua kuiachia nondo. Ninyi mnaokaa kwenye vikao vya leo, kabla ya kupitisha kuachana na huduma yoyote ya chini, andikeni kwenye muhtasari ni kazi za nani zinazosimama juu ya ngazi hiyo na nani atalipa mafao yao ikivunjika.