Hafifu Kwanza, Imara Baadaye

Walimu wenzangu, assalaam alaykum. Wengi wenu hapa Chake Chake mmeshanisikia nikisema kwamba molekuli hujipanga zenyewe kwa vifungo hafifu, na kwamba hata mashine za molekuli zimeanzia hapo. Leo nalisema tena, kwa sababu bado naingia maskulini nikamkuta mwanafunzi wa Kidato cha Nne anachora atomu bila kosa, lakini umuulize kwa nini sabuni inaondoa mafuta, ananyamaza.

Chukueni sabuni ya mwani wanayotengeneza kina mama. Kila molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikishakuwa nyingi ndani ya maji, mikia hujificha katikati, vichwa hubaki nje, vikatokea vitufe vidogo ajabu. Nani kavifinyanga? Hakuna koleo lililoingia mle.

Hapo ndipo mnaponishika kila mara: kitu kitajipangaje bila fundi? Basi sikilizeni. Molekuli hazitulii. Joto hili hili la chumbani linazisukuma na kuzigonganisha muda wote, zinajaribu kila mkao. Iliyokaa vibaya hubanduka, iliyokaa vizuri hudumu. Na inabanduka kwa sababu kilichoishika ni hafifu! Vitabu vyetu vinavitaja vifungo hafifu, yaani mishiko inayofumuka kwa urahisi, kwa mistari miwili kisha vinapita, kana kwamba uhafifu ni ila. Si ila hata kidogo. Ukigandisha kwa nguvu tangu mwanzo, kosa la kwanza halifumuki tena.

Wazee wetu walishona mtepe kwa kamba ya makumbi, bila msumari hata mmoja. Kamba ikichoka, wanafumua, wanashona upya, ubao ni ule ule. Mtaniambia mtepe ulikuwa na fundi. Kweli, na mfano wangu unakoma hapo. Lakini tazameni DNA, molekuli inayobeba taarifa za urithi ndani ya miili yenu: nyuzi mbili zimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni, kimoja kimoja dhaifu, vyote kwa pamoja imara. Seli inazifungua, inasoma, inazifunga. Zingeunganishwa kwa vifungo vya nguvu, tusingekuwapo hapa.

Sasa mashine zenyewe za molekuli, yaani molekuli zenye vipande vinavyosogea, maana naona muda unanikimbia. Mwaka 1983, Jean-Pierre Sauvage wa Strasbourg, Ufaransa, alitaka pete mbili za molekuli zipitane kama pingili za mkufu. Waliotangulia waliambulia kiasi kidogo mno. Yeye alitumia ioni ya shaba, yaani atomu ya shaba yenye chaji: ikaivuta pete moja na molekuli yenye umbo la mwezi mwandamo, zikakaa mkao sawa, ndipo akaufunga mwezi ukawa pete ya pili. Kisha akaiondoa shaba. Asilimia 42 zikatoka zimepitana. Mmeona? Mshiko unaofumuka ulipanga, kifungo cha nguvu kikaja kufunga.

Fraser Stoddart, 1991, alivika pete kwenye mhimili wa molekuli, ikawa inateleza huku na huku. Ben Feringa, 1999, akapata mota ya molekuli inayozunguka upande mmoja tu ikimulikwa. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2016. Mota hiyo inastahili siku yake peke yake.

Kwa leo, mabakuli ya maji yako pale mezani, na pilipili manga ya unga, na kipande cha sabuni. Safu ya mbele, njooni. Nyunyizeni pilipili kwanza, kisha gusisheni sabuni katikati, muitazame inavyokimbilia ukingoni wakati sabuni inajitandaza juu ya maji.