Usimfanyie Mgonjwa Mtihani

Ndugu zangu, sampuli na takwimu tuziache kwanza. Tunaharibu kwenye swali la kwanza la mahojiano. Mtafiti anashuka mwaloni Igombe, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, na koti lake jeupe, anamuuliza mvuvi: "Kichocho husababishwa na nini?" Huo ni mtihani! Semina amezihudhuria za kutosha. Atakutajia konokono, atakutajia kujisaidia ziwani, nawe utaandika "uelewa mzuri" na kupanda gari. Kesho vidonge vya kichocho vinatupwa.

Muulize hivi: "Mara ya mwisho tumbo kukusumbua, ilianzaje?" Kisha nyamaza. Ukishindwa, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. "Ukafanya nini kwanza? Nani alikushauri?" Hapo ndipo habari ya dawa inapotoka. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 hupewa vidonge vinne vya miligramu 600, vikubwa, vichungu, avimeze kwa mkupuo. Na huyu ametoka kuvua dagaa usiku kucha, hajatia kitu mdomoni. Tumbo linamsokota, anatapika, na mwenye minyoo mingi ya kichocho ndiye huumia zaidi. Wenzake wanatazama. Halafu mnaandika "imani potofu kwamba dawa ni sumu". Imani gani? Wameona kwa macho! Dawa hii humezwa na chakula. Nani alileta hata uji? Tena inaua minyoo iliyokomaa tu na haikingi maambukizi mapya. Akirudi majini akaugua tena, atasema haifanyi kazi, nanyi mtaita ujinga.

Najua kuna atakayesema watu ishirini wa kuhojiwa hivi hawatoshi. Kukupa asilimia hawatoshi, kweli. Asilimia itafute kwa dodoso, ukishajua cha kuuliza. Hapa unahoji mpaka mahojiano yaache kuleta jipya, na unatafuta wasiofanana: mwenye mtumbwi, kibarua, mama anayeanika dagaa, na hasa aliyekataa dawa. Mwenyekiti wa mtaa asikuchagulie. Atakuletea shemeji zake.

Nendeni siku za mbalamwezi. Taa hazivuti dagaa, wavuvi wako nchi kavu na wamelala vya kutosha.

Naona naonyeshwa saa. Uchambuzi, basi, haraka: rekodi iandikwe neno kwa neno, Kisukuma na Kikerewe vibaki vilivyo. Nakala tatu za mwanzo wazisome watu wawili, kila mmoja peke yake, wapange hoja, kisha wabishane. Wasipobishana, mmoja amenakili kwa mwenzake. Kibali na ridhaa mnavijua. Karibuni maswali.